Ngome Ndani ya Daftari Langu

Niliwapenda wafalme wa Uingereza, na leo sitaomba radhi kama ambavyo sikuomba wakati ule. Baba yangu alikuwa mpishi wa bwana shauri wa Kiingereza pale Biharamulo. Mzungu alipofungasha kurudi kwao, alimwachia baba sufuria mbili na kitabu kinene cha picha kisicho na jalada. Sufuria zilitoboka. Kitabu kilinilea.

Humo nilijua nani alimrithi nani, nani alimfunga ndugu yake, na kuta zipi zilijengwa kwa woga tu. Hayo yote niliyanakili kwa Kiswahili kwenye daftari. Neno la majumba yale ya wafalme sikulitafuta mbali: ngome. Ngome ya mtoni, ngome ya kilimani, unene wa ukuta, lango upande gani. Hata boma la Wajerumani pale Biharamulo nililiingiza, nikalipima kwa hatua zangu mwenyewe huku makarani wakinicheka madirishani.

Wakati wa ujamaa nilifundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kipya huko Nyabusozi, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Mwanafunzi aliyenitoa jasho kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mzee wa Kisubi, mwenyeji wa huko. Alianza hajui a wala be. Nilimshika mkono mpaka akaanza kusoma.

Vita vilipofika, redio ilikuwa nduli mvamizi asubuhi, nduli jioni, nasi tukaambiwa tufungue macho tuwatambue majasusi wake. Mchana mmoja mwenyekiti alikuja kwangu kuchukua chaki, akakuta daftari mezani.

"Shikamoo, mzee."

Alikuwa ameshaliinamia. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari. "Ngo... me. Ngome." Na nani asiyejua kwamba Ngome ni makao makuu ya jeshi? Neno la kwanza kulisoma peke yake nje ya darasa langu, likanitia mimi matatani!

Kesho yake niliitwa mbele ya kamati, watu wamejaa uwanjani. "Mwalimu," akasema mwenyekiti, "hizi ni ramani za jeshi. Na boma la wilaya umelipima. Unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Ni majumba ya wafalme wa Uingereza."

Nikawa nimeongeza kuni motoni. Mjumbe mmoja akadakia, "Sisi tumefuta machifu, wewe unahesabu wafalme wa watu?" Wakanipa njia ya kutokea: niseme ni upuuzi wa kikoloni, nilichome daftari kwa mkono wangu, nirudi kufundisha. Nikikataa, mgambo wanipeleke wilayani.

Niliogopa. Nilikaza fundo la khanga kiunoni. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Sichomi. Mzee, mimi sikukufundisha kusoma neno moja na kuacha mengine. Soma ukurasa mzima."

Watu waliguna. Angeweza kumpa karani wa kijiji asome, lakini karani alikuwa anatabasamu, na mzee alikuwa na kiburi chake. Akasoma, jasho likimtoka: "Wa-tu wa-ka-m-ka-ta... mfa-lme wao... kichwa." Akainua macho kwangu.

"Wenyewe? Waingereza?"

"Wenyewe."

"Kwa nini?"

"Yamo humo humo. Soma."

Akalifunga. "Daftari litabaki kwangu kwa uchunguzi." Wilayani sikupelekwa, lakini daftari ndilo nililolitaka.

Basi kila siku darasani nilimuuliza mbele ya wenzake, "Daftari langu, mzee?" Kila siku alijibu uchunguzi unaendelea. Wenzake wakaanza kukohoa kwa kicheko. Zikapita wiki tatu. Ndipo siku moja, badala ya kujibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mfalme wa wake sita, yule wa mwisho alipona?"

"Rudisha, nitakuambia."

Alilileta kesho yake, limefungwa kwa gazeti, nami nikamwambia mke wa sita alimzika mumewe. Alicheka mpaka akashika ubavu.

Nililifungua nyumbani. Kurasa zote zilikuwa na alama za kidole kilichofuata mistari. Na kila penye neno ngome, penseli ya mzee ilikuwa imeongeza, kwa herufi zinazoyumba: SI YA JESHI.