Swabaha na kompyuta nane zilizoitwa mbovu

Saa mbili na robo asubuhi. Nje ya ofisi ya kuandikisha wakimbizi wilayani Ngara, lori limekwisha geuzwa, mkia mlangoni. Dereva, mzee Desderius, anachungulia dirishani.

"Swabaha, tupakie au tusipakie?"

"Shikamoo mzee. Dakika tano tu, nakuomba!"

Swabaha Khalidi (27), fundi kompyuta, hata hageuki. Kompyuta nane mpya, zilizonunuliwa kwa sababu zinatosheka na umeme wa jua, zinatakiwa zirudishwe Dar es Salaam leo kwa ubovu. Zikiondoka, kadi za chakula za kaya 3,100 zitaandikwa kwa mkono, na watu watapanga foleni siku tatu badala ya moja.

Kila programu ya kadi ilipofunguliwa, ilijifunga papo hapo. Wataalamu wawili walikuja, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Swabaha, binti wa mwenye duka mjini Ngara aliyesomea ufundi Mwanza kwa miezi sita tu, akakataa kuamini.

Kosa alilikuta kwenye kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za prosesa, ubongo wa kompyuta. Ilikuwa inaiuliza prosesa ni ya ukoo gani, kisha inajiamulia kwamba inazijua amri zote za ukoo huo. Kumbe hizi mpya kuna amri moja hazikuijua. Zikipewa hiyo, programu inakufa.

"Nilikumbuka makosa yetu wenyewe kwenye meza ya kuandikisha," anasema huku akicheka.

Makarani walikuwa wakisikia mtu katoka vilimani Burundi, wanamwandika 'mkulima' bila kumuuliza. Siku moja mkimbizi mmoja, mzee Nyandwi, akawaka: "Karani, mimi jembe sijui! Mimi ni fundi cherehani!"

"Nikasema, basi kompaila nayo ndiyo hivyo hivyo! Haiulizi unajua nini, inauliza kwenu wapi."

Akakiandika upya kipande kile, mistari kumi na tisa, ili prosesa iulizwe amri moja moja. Kuijenga kompaila upya kulikula muda wa saa kumi na moja kila mara, na mara mbili alikosea akaanza tena. Tangu aanze kulisaka kosa, siku tisa zikaenda.

Sasa anaifungua programu ya kadi, anabonyeza. Printa inakohoa, kadi ya kwanza inatoka, ya pili, ya tatu! Swabaha anapiga kigelegele, makarani wanajazana chumbani. Mwandishi wa makala haya, asiyejua prosesa inafananaje, naye anajikuta akipiga makofi.

"Mzee, usipakie!"

"Nimesikia, mwanangu. Hata Kabanga kule mpakani wamesikia."

Marekebisho yake ameshayatuma ng'ambo kwa wenye kompaila, anasubiri jibu. Lakini roho yake iko Biharamulo, ambako mashine kumi na nne za aina hiyo hiyo zimefungiwa stoo, kila boksi limeandikwa 'mbovu' kwa kalamu nyekundu.

"Jumatatu nakwenda," anasema. "Na kabla sijawasha hata moja, nalifuta hilo neno."