Chai ya Mwanamke wa Roketi

Wajukuu wangu hutazama kwenye televisheni michezo ya safari za anga ambamo nahodha ni mwanamke, na akimpenda mwanamke mwenzake anampenda tu, chombo kinaendelea na safari. Wao hawaoni ajabu yoyote. Mimi husonya, na wakiniuliza, "Shosho, una nini?" nawaambia mgongo unauma. Uongo mtupu. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya miaka ya hamsini.

Wakati huo televisheni ilikuwa haijafika kwetu. Tulikuwa na sinema za bure katika ukumbi mmoja mjini, Jumamosi mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Filamu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo mkalimani alisimama mbele na kipaza sauti akitueleza. Mwanamume na mwanamke wakikaribia kubusiana, mwendesha mashine alifunika lenzi kwa kiganja, tukakaa gizani mpaka waachane.

Nilikuwa nimefaulu kuingia shule ya bweni. Baba alikuwa bado hajaamua kama niende, au nibaki nyumbani Waithaka nimsaidie mama shambani. Mwalimu wangu aliponiambia kuna filamu ya roketi, na kwamba ndani yake yumo mwanamke mtaalamu, nilimbembeleza baba mpaka akakubali twende. Nilitaka amwone kwa macho yake.

Akamwona. Roketi ilipotea njia, wanaume wakaanza kufokeana, mwanamke akachukua penseli, akapiga hesabu, akawaonyesha pa kugeukia. Kiingereza changu cha misheni kilitosha kumwelewa. Mkalimani, ambaye nadhani hakuelewa hata nusu, akakohoa kidogo.

"Sasa mama anauliza, nani anataka chai?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Nikasimama nikasema si hivyo, akanivuta gauni nikaketi.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika Riruta nikajaribu tena.

"Baba, yule mama ndiye alijua njia. Mkalimani amedanganya."

"Watu wote wamesikia chai. Wewe peke yako umesikia hesabu?"

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alitembea kidogo akiwaza, kisha akanipa uamuzi wake kuhusu shule.

"Amesoma mpaka akafika huko juu, na bado kazi yake ni chai. Chai wewe unajua tayari."