Hakutaja Jina

Kila Ijumaa, nikimaliza kusahihisha, nilikuwa na mazoea ya kutuma kwenye grupu letu la walimu na wazazi makala nilizopenda wiki hiyo. Tulikuwa wengi humo, wa Embu na wa Meru, na nikichelewa kuna waliouliza kama naumwa. Nilituma ile ya mwalimu aliyefundisha hesabu za sehemu kwa kukata chapati mbele ya darasa. Nilituma ya mama aliyefunga blogu yake kwa sababu alijikuta akiwatazama wanawe huku akitafuta kichwa cha makala. Hiyo niliisoma mara mbili jikoni kwangu, mtaa wa Dallas mjini Embu, mpaka maharagwe yakaungua.

Lakini niliyempenda kuliko wote alikuwa mwalimu wa binti yangu. Binti yangu analala bweni katika shule moja nje kidogo ya Makutano, Meru, na mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa na blogu kuhusu kufundisha na kulea. Anajua kuandika, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, maana asiyejua kuandika hawezi kukuumiza hivyo. Nilimsambaza kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Nilijivuna kwamba mtoto wangu yuko mikononi mwa mtu wa namna ile.

Siku ya kutembelea wanafunzi ikaangukia Jumamosi niliyopangiwa zamu shuleni kwangu Embu. Baba yake alikuwa safarini na lori la viazi. Akaenda mama mkwe wangu kutoka Kibirichia, kama alivyowahi kwenda, amevaa gambuti kwa ajili ya matope na kubeba chakula cha mukimo ndani ya kiondo. Sikuona ubaya. Uhamisho wa Embu sikuuomba, niliandikiwa tu, na mtoto habadilishwi shule kila mwajiri anapopiga chafya.

Ijumaa iliyofuata, kabla sijatuma chochote, mzazi mmoja alinitangulia. Akaandika kwamba leo Madam apumzike, yeye ndiye mwenye makala ya wiki. Ilikuwa ya mwalimu yuleyule. Niliifungua nikiwa nimeshaanza kutabasamu.

Alisimulia juu ya msichana aliyemkuta akilia kwenye bomba la maji wageni walipoondoka. Kwamba aliyemtembelea ni bibi kizee wa mashamba ya viazi, na gambuti zake na kiondo chake. Kwamba msichana huyo hata baba yake humwita mama, kwa kuwa alipewa jina la huyo bibi. Kwamba mama mzazi ni mwalimu kaunti jirani, hodari wa kuwatumia wenzake mawaidha ya malezi, huku wake akilelewa na ajuza. Halafu akaweka maneno ambayo mtoto alimwambia pale bombani. Maneno hayo mimi sikuwahi kuambiwa. Niliyasoma siku moja na kila mtu.

Chini yake watu walikuwa wamemwaga vikaragosi vya machozi. Mmoja aliandika kwamba wanawake wengine hawakustahili kuzaa. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuiweka.

Jumatatu niliomba ruhusa nikapanda Meru. Nilimkuta mwalimu huyo kwenye chumba cha walimu akinywa chai, na alivyoinuka kunipokea kwa mikono miwili nilielewa kwamba hajui amekosa nini. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa upole, upole wa mtu anayemsubiri mgonjwa amalize kulalamika.

"Lakini Madam, sijataja jina mahali popote," alisema.

Mwalimu huyu ni mzaliwa wa hukuhuku Meru. Anajua vizuri kwamba watoto wetu hupewa majina ya nyanya na babu zao, na kwamba kwenye mtaa mmoja utakuta wasichana kadhaa wenye jina lilelile. Jina peke yake huku halikupeleki popote. Mtu hutafutwa kwa kuuliza ni wa nani, alirithi jina la nani, na shamba lao liko upande gani wa mto. Hayo yote aliyaandika, kwa Kiswahili kizuri, halafu akajisifu kwa kuficha kitu kimoja kisichomtambulisha mtu.

"Ungetaja jina tu ungekuwa umemficha," nilimwambia. "Umetaja kila kitu kingine."

Alisema wazazi wamemshukuru. Alisema makala hiyo imewagusa wengi, na kwamba angeweza kuongeza mstari wa kueleza hali yangu ya kazi. Nikamwambia yangu ayaache, anitukane anavyotaka, lakini maneno ya mtoto ayatoe. Kisha nikamuuliza kama alimwomba ruhusa.

"Ni mtoto, Madam. Utamwombaje ruhusa?"

Aliifuta yote nikiwa nimesimama mbele yake, akinuna kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Haikusaidia. Walioipenda walikuwa wameshaipiga picha na kuituma mbele, na wasichana wa kutwa walikuwa wameshaileta darasani.

Niliruhusiwa kumwona binti yangu kabla ya kurudi. Nilitaka kumkumbatia, yeye akawa anaangalia lango.

"Mtu akiniuliza tena nitasema niko sawa," aliniambia.

Na ndivyo alivyofanya. Muhula mzima kila mtu mzima aliyemuuliza, matroni, nyanya yake, baba yake, mimi kwenye simu, alijibiwa kwamba yuko sawa. Shule ile ilikuwa na mtu mmoja ambaye binti yangu aliweza kulia mbele yake, na mtu huyo akaenda kumwandika. Watu huniambia nisamehe, kijana alikuwa na nia njema. Sijasamehe.

Ijumaa zangu niliziacha. Likizo hii binti yangu yuko hapa Dallas, na jana alinikuta mezani naandika haya. Akauliza kama ni yeye. Nilimwambia ni yeye na mimi, nikampa karatasi zote pamoja na kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Hii hapana," alisema, akakata sentensi moja. Akaendelea kusoma, akakata na nyingine.

Sikumuuliza sababu. Nimeziondoa zote mbili.