Mgunga Unaodondosha Maji Mwitongo

Nilifunga safari kwa sababu shangazi yangu Nyangeta, anayeishi Mwitongo kule Butiama, alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha. Alipata dawa bora zaidi: mgunga ulio nyuma ya zizi lake ulikuwa ukidondosha maji katikati ya kiangazi, na majirani walikubaliana kwamba ni baraka. Mimi nafundisha baiolojia shuleni Mwisenge, Musoma, kwa hiyo ukoo uliamua kwamba mti huo unanihusu.

Asubuhi nilitoka Musoma hadi Bunda kumchukua Bhoke, binti wa shangazi, anayeuza vitenge sokoni. Njiani alinieleza kwamba mama yake ameshaanguka jikoni, na kila akimsihi anywe dawa anaambiwa imani yake ni haba.

Butiama tulifika jua likiwa kali. Chini ya mgunga zilitegwa ndoo, madumu na hata sufuria za ubwabwa wa sherehe. Shangazi alitupokea kwa furaha, akatuletea maji ya kunywa. Nilikuwa na kiu. Nilimaliza kikombe, nikashukuru, ndipo nikauliza yametoka wapi. Bhoke alikuwa ameshaweka chake chini.

Nilikata kijiti cha mgunga. Kilikuwa na povu jeupe, na ndani yake wadudu wadogo wananyonya. Nikamweleza shangazi kwamba mdudu hana figo kama zetu. Ana mirija myembamba kama nyuzi, imeshikana na utumbo, inaelea katika damu yake na kuchuja takataka. Takataka hizo humwagwa utumboni, zikatoka kwa mlango uleule wa kinyesi. Mdudu wa mahali pakavu huyafyonza tena maji kabla ya kutoa uchafu. Hawa wa mgunga wanakunywa maji ya mti kutwa nzima. Yanayozidi wanayaachia tu.

Shangazi aligusa lile povu kwa kidole, akalinusa.

“Kwa hiyo nilikuwaga nakunywa mkojo?”

“Ndiyo, shangazi. Na mimi leo.”

Aliingia ndani, akarudi na kidonge na maji ya kisima. Alikimeza huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekojoa.

Alasiri, tukijiandaa kuondoka, mama mmoja alifika na dumu. Shangazi alimweleza yote, mpaka ile mirija. Mgeni alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza ni kwenye tawi gani wadudu hao wanakojoa zaidi, dumu lijae upesi, maana kwake ni mbali.

Nilirudi Musoma nikijua kwamba elimu haivunji foleni ya maji. Inaweza kumtoa mtu mmoja tu, na safari hii alikuwa shangazi yangu.