Walikuja Kupumzika Kwetu

Baba yangu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na wageni walipofika nyumbani kwetu Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, hakukawia kuwaambia kwamba yeye ni mzaliwa wa mji wa mapumziko. Maneno hayo aliyasema kwa Kifaransa, mgongo wima, kama mtu anayetaja cheo. Mji wenyewe ni Kalemie, kaskazini ya Katanga, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Aliwaeleza habari ya mitende iliyopangwa kando ya barabara, hoteli zenye baraza pana, upepo wa jioni, Wazungu waliolala mchangani chini ya miavuli. Sisi watoto wake tulizaliwa Lubumbashi, tukakua tukimeza moshi wa kiwanda cha shaba. Tuliamini kwamba babu zetu walikuwa wameishi peponi, na kwamba Baba alifukuzwa huko kwa kosa ambalo hakutaka kulitaja.

Nilipokuwa mwalimu nikapewa kufundisha jiografia. Tulikuwa na kitabu kimoja cha zamani, kurasa zake zimeshikana kwa unyevu. Kuhusu Kalemie kilisema hali ya hewa inapendeza na wageni hupumzika vizuri. Kisha kikaja kifungu cha wakazi. Wazungu walihesabiwa kwa taifa, hata kwa kazi zao. Baada yao yaliandikwa maneno matatu tu: pamoja na wenyeji. Nilisoma ukurasa huo mbele ya darasa miaka mingi, nikawaandikisha watoto wa watu, wala haukunikera. Kilichonifungua macho ni vita, na shangazi yangu.

Kwetu dada wa baba ni baba mwingine. Huyu alikuwa mkubwa wa Baba, mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mfua vyuma. Mwaka ule vita vya pili vya nchi yetu vilipoanza, waasi na askari wa nchi jirani waliuteka mji wao. Siku ile ile mtoto wake wa kiume aliuawa kwa risasi bandarini, akiwa amekwenda kutafuta nafasi kwenye mashua. Shangazi alimzika, akamshika mkono mjane wa mwanawe, wakavuka ziwa mpaka upande wa Zambia. Kutoka huko walidandia magari, hili hadi lile, mpaka mpakani Kasumbalesa. Hapo tajiri mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mwenye kuuza unga kwa jumla, aliwaona wamekaa kando ya barabara, akawaambia wapande juu ya magunia.

Walishuka mbele ya lango la parseli yetu mchana, weupe kwa unga kichwa hadi miguu. Baba alitoka na viatu vya ndani.

"Yaya!" aliita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, akaanza kulia.

"Niletee maji," Shangazi alisema. "Kulia tutalia kesho."

Walikaa nasi. Mjane yule alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu na sauti ya chini. Alizaliwa kwenye milima iliyo juu ya ziwa. Aliamka mapema kuliko sisi wote, akafagia uwanja, akatwanga majani ya muhogo kwa sombe, na akikaa hakujua aiweke wapi mikono yake.

Baba, kwa furaha ya kumpata dada yake, alianza tena nyimbo zake za mitende na miavuli. Jioni moja tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu. Akasema, "Yaya, waeleze hawa watoto ile plaji ya mchanga ilivyokuwa."

Shangazi alilirudisha tonge kwenye sahani.

"Niwaeleze? Haya. Baba yetu sisi aliletwa pale kubeba vyuma vya reli. Kutoka Manyema kwa miguu, na kamba kiunoni mpaka walipovuka mto. Wale waliokuwa naye wengi wamelala chini ya ile njia unayoisifu. Walipomaliza, wakaambiwa wajenge nyuma ya kilima, kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa wa Wazungu. Mimi nilikuwa msichana nafua mashuka ya hoteli. Ziwa lile ni letu, lakini kushuka mchangani nilikuwa nashuka na ufagio mkononi. Bila ufagio, polisi ananiuliza ninatafuta nini. Wewe ulikuwa mdogo, ulichungulia kwenye ua. Hicho ndicho unachokumbuka, kuchungulia."

Baba alisema kwa sauti ndogo, "Lakini mji ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri. Nani aliupiga chokaa?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na aibu ikanipanda usoni kama homa. Ndipo nikaanza kumuuliza. Jioni baada ya jioni alinieleza jinsi Wazungu walivyoondoka wakati wa uhuru na funguo za hoteli mifukoni, jinsi wakubwa wetu wenyewe walivyokuja kulala kwenye vitanda vile vile, wakitoka Lubumbashi na Kinshasa kila msimu wa baridi. Kiwanda cha nguo kilifungwa, watu wakaambiwa wasubiri nyumbani. Askari wa serikali walipopora maduka, walianza na lile lililokuwa likikopesha maskini. Shangazi alieleza haya yote bila kupandisha sauti. Hasira yake ilikuwa ya miaka mingi, haikuhitaji kelele tena. Yangu ilikuwa changa, ikanikosesha usingizi.

Mtaani kwetu alikaa bwana mmoja mkubwa wa ofisi, mwenye geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Jirani huyo alikuwa miongoni mwa wale wa msimu wa baridi. Mimi mwenyewe nilimsikia, kabla ya vita, akimsimulia Baba samaki aliokula Kalemie na mchanga alioulalia, na Baba alicheka kwa fahari, kwa kuwa mara nyingi ni yeye aliyempangia nafasi nzuri kwenye treni. Sasa alikuwa amejipa kazi ya kulinda mtaa. Alizunguka na vijana waliovaa vitambaa vyekundu kichwani, akiuliza nani amepokea wageni.

Siku zile redio ilikuwa imewapandisha watu kichaa kwa kusema adui wa mashariki amejificha kati yetu. Aliyekuwa na pua nyembamba alijifungia ndani. Aliyetoka mashariki aliulizwa anatoka mashariki ipi. Tajiri yule wa unga, Mkristo wa kusali kila asubuhi, alivunjiwa depo yake ya unga mchana kweupe, na waliobeba magunia walikuwa wateja wake.

Asubuhi moja jirani aliingia uwanjani kwetu na vijana wake na askari wawili. Hakubisha hodi.

"Voisin, jirani yangu," alimwambia Baba, "minasikia muko na bantu ba kule kwa barebelle, bale waasi."

"Niko na yaya wangu," Baba akajibu. "Na bibi ya mutoto wake. Bafiwa tu."

"Yaya wako, sawa. Lakini huyu mwanamuke mulefu? Hapana mutu wa kwetu huyu. Angalia shingo."

Mjane alikuwa amesimama na ufagio. Askari akamuuliza jina la kijiji chake. Alijibu kwa Kiswahili cha ziwa, kile kinachotamka maneno yote mpaka mwisho, na kijana mmoja akapiga kelele, "Munasikia? Munasikia vile anasema?" Hiyo ikawa ndiyo kesi yake. Wakamshika mikono yote miwili. Nilimkimbilia nikamkamata kitenge, kikanibakia mkononi. Aliondoka na sketi ya ndani, kichwa wazi, mtaa mzima ukitazama. Watu niliowafundishia watoto wao walikuwa wanatazama.

Shangazi alikuwa msalani nyuma ya nyumba. Alipotoka na kuelezwa, hakwenda kambini kwa askari. Alikwenda moja kwa moja kwenye geti la kijani, akaligonga kwa kiganja mpaka jirani akafungua kidirisha.

"Unanijua?" Shangazi alimuuliza.

"Mama, mambo ya usalama hayanihusu mimi tena."

"Nimekuuliza kama unanijua. Nyumba uliyokuwa unapanga karibu na ziwa, ya mapazia ya bluu, nani alikuwa anafua humo? Mtoto wako wa mwisho alipougua tumbo, nani alimbeba hospitalini, wewe na mama yake mkiwa mmelala mchangani? Kila mwaka ulikuja kwetu. Ulikula kwetu, uliogelea kwetu, hatukukuuliza wewe ni mtu wa wapi. Shingo yako hatukuipima!"

Wanawake walikuwa wamekusanyika. Nilimwona yule bwana akimtambua. Macho yake yaliteremka mpaka kwenye ile mikono mipana, yakakaa hapo kidogo. Nilidhani atafungua geti. Nilikuwa bado mtu wa kudhani mambo ya namna hiyo.

"Nitaona cha kufanya," alisema, akafunga kidirisha. Tukasikia komeo.

Hakufanya chochote. Aliyekwenda kambini ni Baba, amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, pamoja na padri wa parokia yetu. Walirudi siku ya kwanza mikono mitupu, siku ya pili vilevile. Shangazi alikaa nje ya lango la kambi, chini ya jua lile linalotangulia mvua, akakataa kuondoka. Mwishowe wakamtoa mjane. Padri alituambia hawakuwa wamepata la kumshtaki, wakachoka tu kumlisha. Walikuwa wamemnyoa kichwa kwa kipande cha chupa. Juu ya sikio palikuwa na jeraha limeanza kunuka.

Nilimwosha mimi, mwanamke mwenzake. Nilipomwuliza kama maji ni ya moto mno, alitikisa kichwa, na nikaendelea kumwagia. Wakati huohuo Baba alikuwa sebuleni na wanaume wa mtaa waliokuja kutoa pole. Mmoja wao alisema, "Ni vita, papa, tutafanya nini?" Nikatoka na ndoo mkononi nikawaambia waende zao. Wanaume wazima, wengine wakubwa kuliko Baba. Niliwafukuza kama kuku. Baba hakunikemea.

Mjane aliposema tena, alimwambia Shangazi: "Mama, mimi siwezi kukaa mahali ninapoliona lile geti."

Basi wakahamia Kasungami, pembezoni kabisa mwa mji, ambako watu wa parokia walikuwa na mashamba. Mvua za kwanza ziliwakuta wanalima. Jumamosi nilikwenda kuwasaidia, na huko nikakuta wengine wa ziwa: mafundi wa kiwanda cha nguo, wauza dagaa tunaowaita ndagala, mwalimu mwenzangu, wote wamefika kwa njia zao na kusukumwa mpaka kwenye ukingo huo wa mji. Mji huu wa Lubumbashi! Tangu jiwe lake la kwanza umejengwa na watu walioletwa kutoka mbali, babu wa kila mmoja wetu alishushwa hapa kutoka kwenye behewa, na leo mjukuu wa mtu wa behewa anasimama barabarani na kumuuliza mwenziwe asili. Niliwaambia haya wanafunzi wangu. Mkurugenzi wa shule aliniita, akanitaka nifuate programu ya masomo. Nilimjibu vibaya, nikahamishiwa shule nyingine, mbali na nyumbani, na sijutii hata neno moja.

Jirani yetu hakupatwa na lolote. Watu hupenda kusikia kwamba mtu kama huyo alianguka, aliugua, alikimbiwa na watoto. Hakuanguka. Alipandishwa cheo, akaongeza ghorofa. Baba aliacha kumsalimu, basi, na kwa mtu wa adabu kama Baba hilo lilikuwa jambo kubwa.

Vita vilipokwisha, treni ya kaskazini ikaanza tena. Shangazi alikuwa wa kwanza kufunga mizigo. Mjane alikataa kurudi. Mahindi yake yalikuwa yamempenda, alisema, na Kasungami alikuwa amepata mwanamume mpole wa kumjengea. Shangazi alimbariki bila kinyongo. Mtu ambaye Shangazi alitaka arudi naye ni Baba.

Tulisimama stesheni, watu wamejaa hadi juu ya mabehewa.

"Twende," Shangazi alimwambia. "Bado una nguvu."

"Nitaona nini, Yaya? Hoteli zimebomoka. Mitende wameikata kuni. Wanasema hata ile barabara imeliwa na ziwa."

"Nani amekuambia habari ya hoteli? Watu wapo. Watoto wa wenzetu wapo, makaburi ya wazazi yapo, mwanangu yupo pale. Umetembea na ile reli maisha yako yote, na mji wako hujawahi kuuangalia!"

"Usinipigie kelele mbele ya watu."

"Nitapiga!"

Na alipiga, kutoka dirishani, mpaka treni ikaanza kutembea. Baba alisimama na kofia mkononi. Njiani kurudi sikumfariji. Nilikuwa upande wa Shangazi.

Baba alifariki kabla ya mwaka kwisha, kwa ugonjwa wa kifua, kama wazee wengi waliovuta hewa ya hapa. Tulimtumia Shangazi habari. Akapanda treni siku iliyofuata, na treni ikatoka relini katikati ya pori, kama kawaida yake, abiria wakalala humo wakila walichokuwa wamebeba. Alifika msiba umekwisha, amekonda, na gunia la ndagala kichwani alilowakataza wote kuligusa. Hakuuliza kaburi liko wapi kwanza. Aliuliza ni nani aliyekuja kuzika na nani hakuja, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba, nami nikamjibu. Kisha tukaenda Kasungami, mjane akawasha moto, tukawakaanga wale samaki.