Asali wa Simu

Kazini dada yangu wanamwita Asali. Anapokea simu za wateja waliokatikiwa umeme, na kutwa nzima anatukanwa na watu asiowajua. Hata akiitwa mbwa, haruhusiwi kukata simu. Mteja ndiye anayekata. Yeye anavuta pumzi, anahesabu hadi tatu, kisha anatabasamu, maana eti tabasamu husikika, na kusema maneno anayoyafanyia mazoezi hata nyumbani: "Pole sana kwa usumbufu, mpendwa mteja. Nikusaidie nini kingine?"

Mimi mdogo wake ningefukuzwa siku ya kwanza. Yeye anayameza matusi yote, anarudi nayo nyumbani kwa binti yake wa miaka saba.

Mara ya kwanza lilikuwa kofi. Mara ya pili mwiko. Mara ya tatu alimsukuma, kichwa kikagonga ukingo wa meza, mtoto akashonwa nyuzi nne. Dada alilia kuliko mtoto. Nikamwambia bila kumung'unya maneno, "Dada, ukimgusa tena namchukua."

"Nimekoma, mdogo wangu," akaniapia. "Huyu ndiye niliye naye tu."

Nikamwamini. Mjinga mimi.

Jumamosi alasiri nilikuwa kwao. Dada alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, hata viatu hajavua. Mtoto akamwaga chai kwenye sare ya kazi ya kesho iliyokunjwa kitini. Chai tu, jamani. Dada akamrukia, akamshika bega, mkono juu.

Mtoto hakulia. Akavuta pumzi. Nikaiona midomo yake ikihesabu: moja, mbili, tatu. Kisha akatabasamu, meno mawili ya mbele hayapo, akasema kwa sauti ileile ya mama yake: "Pole sana kwa usumbufu, mpendwa mteja."

Kofi likashuka. Mtoto akayumba, akatabasamu tena. "Nikusaidie nini kingine?"

Dada akakaa sakafuni. Baadaye akainuka, akakunja mwenyewe nguo za mtoto, sketi moja moja, akanikabidhi begi bila kunitazama. "Mchukue," akasema. "Mimi sijiamini tena."

Sasa mtoto ana wiki tatu kwangu. Nilidhani nimemwokoa. Jana asubuhi alichelewa kuvaa viatu vya shule, nami nikapandisha sauti kidogo tu, kama mtu yeyote.

Akasimama wima, akavuta pumzi, akaanza kuhesabu.