Sentensi Moja ya Sera, Mjini Juba

Nilikwenda Juba kusaidia kuandika ukurasa mmoja tu. Sudan Kusini ilikuwa ikitunga sera ya elimu huku vita havijaisha, na kamati ilitaka watoto wafundishwe kupima habari za redio na za simu kabla ya kuziamini. Somo hilo nimelifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu huku kwetu Bungoma. Wenzangu waliniaga kwa sauti za chini, kama mtu anayekwenda msibani.

Uwanja wa ndege wa Juba ulikuwa na askari wengi kuliko abiria. Nilisubiri kivulini, sijui mtu, mpaka Mama Keji alipofika kwa bodaboda. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mjumbe wa kamati, na ndiye aliyekubali kunilaza kwake. Alikulia ukimbizini Uganda, akatoka huko na Kiswahili chake.

"Pole, mwalimu," alisema. "Barabara iko na askari mingi."

Kwake, mtaa wa Hai Malakal, kulikuwa na tukul mbili, nyumba za mviringo za udongo na nyasi, katika ua mmoja: moja yake na wanawe wawili, nyingine ya wageni. Nyumba ya jirani ilikuwa tupu, mlango umeng'olewa. Jua lilipozama kila mtu alijifungia kwake. Nilikaa kitandani nikisikiliza jenereta ya mbali, nikatamani hata kelele za wanafunzi wangu.

Kesho yake mkutanoni, mwenyekiti, mzee mpole aitwaye Loro, alisoma rasimu: mwanafunzi afundishwe kuamini habari za vyombo rasmi pekee. Nikapendekeza afundishwe kuuliza nani amesema na amejuaje.

"Wakati wa vita maswali mengi huleta fujo," mwenyekiti alijibu.

Mama Keji akainua kichwa. "Siku vita ilianza, redio ilisema mji iko salama. Bwana yangu akasikia, akaenda kazi. Hakurudi."

Mwenyekiti akaikunja rasimu yake. Mkutano ukaahirishwa.

Alasiri, tulipokuwa tumerudi nyumbani, simu ya Mama Keji ilipokea picha ya maduka yanayoungua. Maneno yalisema mtaa wa Hai Mauna umechomwa na wauaji wanakuja upande wetu. Niliitazama kwa makini. Nyuma ya moshi kulikuwa na maghorofa marefu ambayo sikuwa nimeyaona popote mjini.

"Mama Keji, hii si Juba. Tumpigie mtu wa Hai Mauna kwanza."

Alipiga, akapiga tena. Mtandao haukushika.

"Umeona? Hakuna mtu ya kuuliza." Alianza kufunga nguo za watoto. "Dada yangu iko Lemon Gaba, mbali na hapa. Twende."

Lakini bodaboda iliyopatikana ilikuwa moja, na watoto walikuwa wadogo mno kwenda kwa miguu.

"Nendeni," nikamwambia. "Mimi naamini ni uongo."

"Wewe unaamini. Mimi iko na watoto."

Alinishika mkono, akaondoka. Nikasikia mtaa mzima ukimfuata: vishindo vya miguu, milango, kisha kimya. Maharage yake yalikuwa bado motoni. Niliyapakua nikashindwa kuyala. Nilijua picha ile ni ya uongo, na bado nilifunga mlango kwa komeo nikalala na viatu miguuni.

Kulipopambazuka, hakuna kilichokuwa kimetokea. Waliofika mkutanoni walikuwa wachache. Mzee Loro alivitazama viti vitupu, akakata sentensi yake kwa kalamu, akaandika yangu. Nikamwomba aongeze nyingine: mtoto aliyekimbia kwa sababu ya uvumi asichekwe wala asiadhibiwe.

"Hiyo si lugha ya sera, mwalimu."

"Najua."

Akaiandika hata hivyo.

Adhuhuri nilipanda ndege bila kumwona Mama Keji. Simu yake haikuwa ikipatikana, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata nilipofika Bungoma. Kisha asubuhi moja alipiga mwenyewe.

"Mwalimu, mimi iko. Watoto iko. Ile habari ilikuwa uongo."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

"Lakini ingine ikikuja," alisema, "nitakimbia tena."

Sikumpinga. Nilikuwa nikifundisha kwamba anayejua kupima habari hadanganyiki. Sasa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kupima habari kunahitaji mtu wa upande wa pili anayepokea simu, na alasiri ile, Juba, hakuwako.